Kidole Gumba

Magharibi ile nilitumwa kitu chepesi tu: kupima mapigo ya moyo ya wagonjwa kabla zamu haijabadilika. Chepesi kwa wengine. Mimi mwanafunzi wa uuguzi, usingizi ulishanihama. Mkufunzi wetu, tuliyembandika jina la Mkasi, aliniambia asubuhi mbele ya watu kwamba nikikosea tena, nifungashe virago nirudi kwa mama. Na mama naye keshatangaza mtaa mzima kuwa ana nesi! Nilimwogopa Mkasi kuliko kifo.

Kitanda cha mwisho kilizungushiwa pazia. Nikapenya. Harufu ya dawa ya sakafu... na nyingine chini yake, tamu, nzito. Bibi kizee alilala, shuka mpaka kidevuni.

"Shikamoo, bibi."

Nikamshika mkono. Baridi! Nikabonyeza kwa gumba, nikayapata mapigo, yanakwenda mbio. Nikashusha pumzi.

Ndipo midomo yake ikacheza.

"Mapigo mazuri," akanong'ona. "Niazime kidogo, mwanangu."

Nikamwitikia haya, bibi. Mgonjwa akiomba, tumefundishwa kuitikia kwa upole.

Nje ya pazia nikakutana na Mkasi. Akauliza nilikuwa nafanya nini mle. Nikasema nampima bibi, mapigo yake yako vizuri. Hakufoka. Akasema bibi alifariki mchana, wanasubiriwa watu wa mochwari. Kisha akauliza nimetumia kidole gani. Nikainua gumba.

"Gumba lina mapigo yake," akasema taratibu. "Umejipima mwenyewe. Umechoka, binti. Leta mkono nikuonyeshe."

Nilitaka kulia kwa furaha. Kumbe hanifukuzi. Kumbe ni uchovu tu.

Akaweka vidole vitatu juu ya mkono wangu. Akavisogeza. Akabonyeza zaidi. Akachukua mkono wa pili. Akanigusa shingoni...

Akauachia mkono wangu ghafla.

"Kaa chini," akanong'ona.

Nyuma ya pazia, kitanda kikalia.

Mtu akakohoa.

Madaktari walisema bibi alipimwa vibaya mchana ule, yakaishia hapo. Alitoka wodini kwa miguu yake. Mkasi akanifaulisha bila kunitazama usoni, na mama kapata nesi wake. Wagonjwa nawapima kila siku, kwa vidole vitatu. Mkono wangu simpi mtu.

Bibi alisema anaazima kidogo tu. Bado namsubiri arudishe.