Hodi ya Saa Saba

Kitu cha kwanza kuingia nyumbani kwa Dorkasi kilikuwa harufu. Harufu ya maziwa ya kibuyu, yale ya wafugaji, ambayo kibuyu chake hufukizwa moshi kwa ndani kabla ya kutiwa maziwa. Dorkasi alikuwa anachambua maharage sebuleni. Akainuka, akaenda jikoni, akafunua sufuria moja moja. Maziwa hayakuwamo. Alikuwa hajanunua maziwa kwa wiki tatu, na sababu yake aliijua yeye, tuliijua na sisi majirani, ila hakuna aliyeitaja.

Kesho yake, saa saba mchana, jua la Handeni limewaka mpaka kuku wamekimbilia uvunguni mwa mkokoteni, akasikia hodi. Sauti ya mwanamume, nzito, ya adabu. Hodi. Ikakaa kidogo. Hodi. Ikakaa tena. Hodi. Dorkasi akachungulia pembeni mwa pazia. Ua alioufagia asubuhi ulikuwa bado na michirizi ya ufagio, na juu ya michirizi ile hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Ili mnielewe, inabidi niwarudishe nyuma, maana mambo haya hayakuanza na jini. Yalianza na midomo yetu.

Mtaa wetu uko nyuma ya soko, nyumba kumi zinazotazamana, na mwaka ule habari yetu ilikuwa moja tu, wizi. Kwenye foleni ya maji wizi, msibani wizi, watu wakitoka kanisani au msikitini hawajavaa viatu vizuri, wizi. Mtu aliibiwa betri ya sola asubuhi. Ikifika jioni habari imeshakuwa kwamba alikabwa na watu sita wenye mapanga. Mimi Habakuki ni mshona viatu, na baraza langu ndilo lililokuwa kituo cha redio hiyo. Nilikuwa naongeza chumvi kama kila mtu, na kusema kweli nilikuwa nafurahi kusikilizwa.

Wezi walikuwapo, tusidanganyane. Walikuja mchana, watu wakiwa shamba. Mmoja anapiga hodi. Ukimwitikia, anauliza, samahani, hapa ndipo kwa mama fulani, halafu anakwenda zake. Usipomwitikia, anajua nyumba ni tupu, anazunguka uani. Basi tukaitana mkutanoni, na Enock, mwenyekiti wetu wa ulinzi, akatugawia filimbi, kila nyumba moja. Tukakubaliana: hodi ya sauti usiyoijua usiijibu. Nyamaza, chungulia, mwache aingie uani, kisha puliza. Mzee Mdoe peke yake ndiye aliyekataa, akasema tangu lini hodi ikaachwa bila karibu, hilo jambo litatugharimu. Ili kumtuliza tukaongeza kifungu: aliyepiga hodi aulizwe kwanza, aliyeingia kimya ndiye mwizi. Dorkasi, balozi wetu wa nyumba kumi, akayaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri.

Sasa, Dorkasi alikuwa na mwanamke wake wa maziwa, Nasinkoi, kutoka kwenye maboma ya wafugaji huko tambarare. Miaka miwili mwanamke huyo aliingia kwa mlango wa uani, akaweka kibuyu jikoni, akachukua cha jana kilichooshwa. Wiki ile tulipogawiwa filimbi, Nasinkoi akaugua homa. Akamtuma mumewe, Mepukori, ambaye hatukuwahi kumwona. Akamwelekeza: utapiga hodi, wakikawia zunguka nyuma uweke jikoni, yule mama ni mtu wangu.

Mepukori akafika saa saba mchana, akapiga hodi mara tatu, akazunguka nyuma. Dorkasi akapuliza filimbi.

Tulifika wote kabla filimbi haijatoka mdomoni mwake. Yule mtu alikuwa amesimama jikoni ameduwaa, kibuyu mkononi, kibuyu kile chenye shanga nyekundu shingoni tulichokuwa tunakiona kila asubuhi. Enock alifanya vizuri, nampa haki yake. Akanyoosha mikono kutuzuia, akamgeukia Dorkasi, akamuuliza, "Balozi, huyu alipiga hodi?"

Dorkasi alikuwa ameshakiona kibuyu. Alijua. Lakini watu walikuwa wamejaa ua mzima, wanahema, wamebeba fimbo, na yeye ni balozi, na angesema nini, kwamba ameita mtaa mzima kuja kumkamata mtu wa maziwa yake mwenyewe? Wangemcheka mpaka Krismasi. Akaona aibu. Aibu ndogo tu, ya kuchekwa.

"Hakupiga," akasema.

Hawakumuua. Walimvunja taya na mbavu, na tangu alipotoka hospitali hajawahi kutamka neno, ingawa taya limeunga. Tukaambizana kwamba pengine alikuwa mwizi kweli aliyejifanya muuza maziwa. Siku hizi wana mbinu nyingi, ndivyo tulivyosema.

Basi hiyo ndiyo sauti iliyokuwa inakuja mlangoni kwa Dorkasi saa saba mchana.

Alivumilia kwa siku nne, anaziba masikio kwa kanga. Siku ya tano akafika binti yake Glory, kutoka Mombo, alikoolewa na kijana anayeuza chakula kwa abiria wa mabasi. Mimba yake ya kwanza, ameingia mwezi wa tisa, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Glory hakuwa kwenye mkutano wetu. Hakuna aliyemwambia kuhusu hodi. Saa saba ilipofika mama yake alikuwa chooni, na alikuwa huko bado aliposikia hodi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na kabla hajapata hata kufunga kanga kiunoni, akasikia sauti ya mwanawe, laini, ya binti aliyefunzwa adabu, ikisema karibu, karibu ndani.

Alikimbia. Alipofika sebuleni pazia la mlango lilikuwa limenyanyuliwa juu kama mtu anavyolinyanyua kwa mkono ili apite, na lilikaa hivyo, halina upepo wala mshikaji, wakati harufu ya maziwa na moshi ikiingia nzito mpaka macho yakatoka machozi, na vikombe kabatini vikigongana taratibu, na mkeka uliotandikwa sakafuni ukibonyea, hatua moja, kisha nyingine, kisha nyingine, kuelekea pale Glory alipokaa na tumbo lake, akitabasamu bado, akimtazama mgeni ambaye mama yake hakumwona. Kisha pazia likashuka.

Glory akafungua mdomo kumwambia mama yake jambo. Hakikutoka kitu.

Kituo cha afya walimulika koo lake, wakasema koo ni zima, labda ni hofu ya uzazi. Dorkasi hakubisha. Alfajiri akapanda basi la Korogwe, akachukua bodaboda mpaka Makuyuni, kwa mzee Semboja, mganga ambaye bibi zetu walimwendea. Alimkuta anapukuchua mahindi. Akamwamkia shikamoo, akaanza kueleza, habari ya binti, habari ya pazia, habari ya harufu. Habari ya kibuyu akairuka. Semboja akaendelea kupukuchua kana kwamba hajasikia, mpaka mwanamke akaishiwa maneno, akalia, akaisema.

Mganga alieleza kwa sauti ya chini, huku anatazama mlango. Alisema huyo si mzimu, mwenye sauti yu hai. Hodi isiyojibiwa haipotei, hubaki mlangoni, na majini wapitao mchana huiokota wakaivaa. Jini hili limeivaa sauti ya mtu aliyesema kweli akaitwa mwongo. Halitaki ubani wala kuku. Linaishikilia sauti hiyo kwa sababu wewe unaushikilia uongo.

"Na mwanangu?" Dorkasi akauliza.

"Limechukua sauti yake iwe rehani," Semboja akasema. "Mtoto akizaliwa kabla hujasema, atazaliwa bila kulia. Na wewe unajua mkunga hufanya nini na mtoto asiyelia. Mama, mficha uchi hazai. Nenda kaseme kwa uliyemuumiza, kisha kaseme mbele ya wale uliowadanganya. Yote mawili."

Jumamosi akaenda kwenye maboma. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye. Alipiga hodi, na kabla hajamaliza akaitikiwa karibu, akapewa kigoda, akapewa maziwa. Mepukori alikuwa amekaa kivulini, anawapigia ndama mluzi, kwa sababu kuwaita hawezi. Dorkasi akasema yote amepiga magoti. Nasinkoi hakumtukana. Alichezea kifuniko cha kibuyu, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia azunguke nyuma. Nilimwambia, yule mama ni mtu wangu." Basi. Dorkasi anasema angepigwa makofi angeshukuru.

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wa mtaa, na Jumapili hiyo hiyo, saa nane, Glory akashikwa na uchungu. Hakulia. Aligonga ukuta kwa kiganja, anakodoa macho, mdomo wazi, kimya. Dorkasi akampakia kwenye bajaji pamoja na jirani yetu Yasinta, akawaambia watangulie hospitali. Yasinta alimshangaa, mama gani anamwacha binti saa kama ile. Dorkasi akageuka akakimbia mkutanoni, pekupeku.

Tulikuwa tunajadili taa za ulinzi. Akasimama katikati yetu, na harufu ile ikaja pamoja naye, wote tuliinusa, nakumbuka Enock alivyofunika pua kwa daftari. Kila alipofungua mdomo alikuwa kama anakabwa. Akasema kidogo, akakohoa, akasema tena, na jasho lilikuwa linamtiririka, na sisi tumekaa kwenye mabenchi tunatazama chini, tunaombea anyamaze, kwa sababu tulishajua anakwenda wapi na tulijua kwamba akifika huko atatufikisha na sisi, na tungeweza kumwambia pumzika mama Glory, umechoka, kaa, na kuna waliomwambia hivyo, na hakukaa.

"Alipiga hodi," akasema mwisho. "Mara tatu. Nilimsikia. Niliwadanganya kwa sababu niliona aibu kuchekwa."

Harufu ikakatika, kama mtu amefunika sufuria. Dorkasi akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, kwa upole tu, kama kuna mwingine aliyesikia hodi ile siku ile.

Hakuna aliyejibu. Simu yake ikaita. Alipoipokea tulisikia wote, maana mkutano ulikuwa kimya: sauti ya Glory, imechoka, sauti yake mwenyewe, inasema, "Mama, msikilize." Kisha mtoto akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye mapafu yake. Dorkasi akaketi chini mavumbini na simu sikioni.

Ni mtoto wa kike, mzima kabisa. Kwa Dorkasi hakuna tena harufu wala hodi. Pazia la mlango wake amelifunga kando, haliteremshi, na kila apitaye anaitwa ndani, mpaka wauza sumu ya panya.

Tulidhani yamekwisha. Jumatatu, saa saba mchana, ikasikika kwa Enock. Anasema aliisikia hodi siku ile akiwa njiani kutoka sokoni, na alimuuliza Dorkasi ilhali jibu analo. Lakini haya aliyanong'ona barazani kwangu tu, mkutanoni hakusema, na sasa mkewe hatoi sauti. Jumanne ikasogea nyumba ya pili. Jana ilikuwa ya tatu. Na Mepukori bado anawaita ng'ombe wake kwa mluzi, kwa sababu sauti yake tumeishika wengi.

Nyumba yangu ni ya nne, inapakana na ya Dorkasi, kati yetu ni ua wa miti tu. Siku ile nilikuwa barazani nashona soli. Niliisikia hodi ya kwanza, nikaisikia ya pili, nikaisikia ya tatu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Dorkasi aliposema hakupiga, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimengojea miezi mingi kumwona mwizi akikamatwa. Sikumpiga yule mtu. Nimekuwa nikijisemea hivyo kila siku, sikumpiga. Nilimshika miguu tu.

Sasa hivi ni saa saba. Mke wangu yuko ndani anaimba, anakunja nguo. Nimeacha sindano ndani ya kiatu cha mtu, kwa sababu baraza zima linanuka maziwa. Hodi ya kwanza imeshapigwa, ya pili nayo. Najua ninachotakiwa kusema, na niseme mbele ya nani, na Enock yuko pale ng'ambo, dirishani kwake, ananitazama kama nitasema. Nimefungua mdomo.

Nimeona aibu. Ndani, mke wangu ameacha kuimba, na kwa adabu aliyofunzwa anasema, "Karibu."