Ruta Yenye Sumu

"Usimguse kabla hajachomeka flashi," sauti ya Irungu, mkuu wake, ilikwaruza sikioni mwa Bushra. "Tunamtaka na ushahidi mkononi."

"Na nikichelewa?"

"Kesho hospitali moja Kitui itakosa oksijeni."

Bushra akazima kifaa cha sikioni, akaingia darasani.

Mji wa Kambu. Jioni. Malori yalinguruma barabara kuu.

Jasusi huyu alijifanya mwanafunzi wa masomo ya jioni. Walijifunza mitandao kwa ruta pepe, vielekezi vya data visivyoshikika, vinavyoishi ndani ya kompyuta. Leo Mwalimu Syokau angegawa faili jipya la ruta hizo. Mtu fulani darasani alikuwa amelipwa na majasusi wa kigeni alibadilishe, aweke lenye sumu. Kanini, fundi wa hospitali, angelibeba hadi kazini akalifanyie mazoezi. Hapo wageni wangepata mlango wa kuingilia mitambo ya oksijeni.

Mtu huyo ni nani?

"Mrembo wa Mwingi, umechelewa tena!" Ndululu akamtania. "Ama ruta imekushinda?"

"Yangu inawaka. Yako je?"

Kicheko.

"Tuombe," mwalimu akasema.

Pale hakukuwa na jambo lililoanza bila maombi. Vichwa vikainama. Macho yakafumbwa.

Bushra, Mwislamu, alikunjua viganja mbele ya kifua, kama alivyolelewa. Macho wazi.

Ee Mola, nionyeshe.

Ndululu aliijua desturi ya Wakristo. Ya Waislamu, ya kuomba macho wazi, hakuijua.

Mkono wake ulinyooka polepole hadi kwenye seva ya mwalimu. Flashi nyeusi ya SanDisk. Ikaingia. Faili la ruta likafutika kwenye skrini. Jingine likaanza kunakiliwa.

"Amina," Bushra akasema kwa sauti.

Ndululu akageuka. Glock ikatoka kiunoni.

Bushra alikuwa amesharuka. Teke moja. Bastola ikateleza chini ya madawati. Pingu zikalia.

"Kumbe ulikuwa unachungulia watu wakiomba!" Ndululu akafoka.

"Nilikuwa naomba. Nimejibiwa."

Akachomoa flashi. Faili lilikuwa limefika nusu tu.

Akawasha tena kifaa cha sikioni. "Halijatoka," akamwambia Irungu. "Mtu ninaye."

Bushra alipomweleza faili hilo lilikusudiwa nini, Kanini akamshika mkono. "Ningelipeleka, dada. Kwetu wodi ya watoto imejaa."

"Hukulipeleka. Mshukuru Mungu, ulale."

"Na mtihani wa Ijumaa?" mwalimu akauliza, bado ameduwaa.

"Nitunzie karatasi yangu, mwalimu."

Akamkabidhi Ndululu kwa polisi waliotumwa na Irungu, waliokuwa wakingoja mlangoni. Kando ya barabara akachagua tikiti maji, akaligonga kwa kidole, akalipa. Gari lake, Probox, likashika njia ya Kiboko.