Msalaba Mgeni kwenye Kaburi la Karisa

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Sidi aliingia kwenye makaburi ya umma ya Kwa Tinga, Shika Adabu, huko Likoni, amebeba begani msalaba wa chuma wa marehemu mumewe. Alikuwa ameung'oa Jumamosi akaupeleka kwa fundi, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Alipenya magugu yaliyomfika kifuani mpaka kwenye kaburi la Karisa, alilolifagia kila Jumamosi kwa miaka sita. Hapo akaganda.

Kaburi lilikuwa na msalaba mwingine. Wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeusi: MUSYOKA NZIOKI, 1951–2009.

Chuma kilimponyoka kikamwangukia mguuni, wala hakusikia. "Uwiii! Mume wangu wamempeleka wapi?"

Sajenti Nyamvula alifika saa tatu kasorobo. Wizi, mapanga, watu kutupwa baharini, yote alishayaona katika miaka kumi na minne ya kazi, lakini mtu kuibiwa kaburi lilikuwa jipya, na lilimtia baridi. Tena aliona haya. Yeye ni mzaliwa wa Likoni, na hakukumbuka mara ya mwisho kukanyaga hapo. Mji unaojigamba kwa ukale wake ulikuwa umewaacha wafu wake kwa mbuzi na mifuko ya plastiki. Ekari nne zilikuwa kichaka kitupu, misalaba imeliwa na mchwa, na kati ya kichaka hicho kaburi moja tu ndilo lilikuwa safi, limezungushiwa chupa zilizopinduliwa.

Watu walikuwa wamekwisha kumzingira mzee Kalama, mchimba makaburi.

"Huyu anauza makaburi mara mbili!" mmoja alifoka. "Mpelekeni ndani!"

Nyamvula alimvuta mzee kando. "Shikamoo, mzee Kalama."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi sikuugusa mchanga huu. Nichimbe kaburi la mtu niliyemzika mwenyewe?"

"Kuna anayekuja kukuomba nafasi?"

"Kila wiki. Nawaambia pamejaa. Lakini tazama basi, afande. Msalaba huu umesimikwa miguuni."

"Umejuaje?"

"Hapa tangu zamani maiti ya Kikristo hulazwa kichwa machweo, miguu mawio, na msalaba hukaa kichwani. Huu uko mawio. Miaka kumi na minane nachimba hapa, nikosee hilo?"

Nyamvula aliangalia makaburi ya jirani ahakikishe, akaona majani matupu. Ndipo alipoelewa kwamba mgeni yeyote angekosea, maana hapakuwa na jirani wa kumwigiza. Akainama. Udongo haukuwa umefukuliwa, ila pale tu uliposimikwa msalaba.

"Mama Sidi, mumeo hajatoka," alisema. "Yumo humu humu. Nani alijua kwamba umeung'oa msalaba?"

"Fundi Jacktone peke yake. Aliniahidi Jumapili, akanipa jana jioni. Na tundu la msalaba nililifukia mwenyewe mvua isiingie."

Saa tano Nyamvula alikuwa kwenye kibanda cha kuchomelea karibu na soko. Jacktone alivua miwani yake myeusi.

"Kwa nini ulimcheleweshea mama wa watu?"

"Afande, Jumapili nilikuwa kule Junda, dada yangu alikuwa anaolewa. Nimeingia hapa Jumatatu mchana." Akamwonyesha picha: yeye katikati ya wacheza ngoma, jasho tele, na shangazi watatu tayari kuapa. "Na hilo kaburi lenyewe silijui liko wapi. Mimi ni mtu wa chuma. Mbao nitaipeleka wapi?"

Njia hiyo nayo ikafungika. Nyamvula alirudi Kwa Tinga saa nane, akauchunguza msalaba upya. Mbao ilikuwa imesuguliwa majivu na oili chafu ionekane kuukuu, lakini skrubu nne zilizoshika kiungo ziling'aa kama vijiko vipya.

"Mbao ya mwaka elfu mbili na tisa?" Kalama alicheka kwa uchungu. "Mchwa wa huku hawana sikukuu." Kisha akakumbuka jambo. "Afande, afisa wa afya aliniletea barua wiki iliyopita. Alhamisi saa mbili kuna familia inakuja kufukua. Wana kibali cha mahakama wamrudishe mtu wao kwao bara, Mwingi. Alinieleza kwa mdomo tu, jina sikulisoma, nilisahau miwani."

Nyamvula aliisoma barua, nywele zikamsimama. Jina lilikuwa Musyoka Nzioki.

"Mungu wangu," Sidi alisema. "Watamchimba Karisa! Watamzika Mwingi, kwa watu ambao hawajui hata jina lake!"

"Hawatamchimba. Lakini msalaba uacheni ulivyo, na msimwambie mtu."

Alhamisi, saa mbili kasoro dakika tano, walifika: afisa wa afya, wanaume wawili wenye sululu, jeneza dogo jipya, mama mzee aliyejifunga leso nyeusi, na mwanawe Dancun Musyoka, karani wa bandarini, shati limenyooshwa pasi. Mama huyo, Rispa, aliliona kaburi akatokwa machozi ya shukrani.

"Tazama lilivyo safi! Miaka kumi na mitano mwanangu ameniambia, mama usijali, kila mwezi napalilia."

Nyamvula alijitokeza na Sidi, na Kalama mwenye panga lake la kufyekea. "Samahani mama, pole na safari. Kabla ya sululu nina maswali mawili. Bwana Dancun, kichwa cha baba kiko upande gani?"

"Si hapo penye msalaba?"

"Msalaba ni ule wa siku ya mazishi?"

"Ndiyo, ule ule."

"Mama, wewe ulikuwepo. Unakumbuka ulisimama wapi?"

Rispa alifikiri. "Miguuni. Ilikuwa jioni, jua lilinipiga machoni nikashindwa kumwona padri aliyekuwa kichwani." Aligeuka taratibu, akaliangalia jua la asubuhi lililokuwa nyuma ya msalaba. "Dancun, jua haliendi kuzama huko."

"Mama, ni zamani. Pengine mchimbaji..."

"Mchimbaji ni huyu hapa," Nyamvula alimkatiza. "Na skrubu hizi hazijaona hata mvua moja. Uliusimika lini? Jumapili?"

Dancun aliangalia viatu vyake.

"Jumapili mchana," alisema. "Nilitafuta wiki nzima. Sikulipata la baba. Sijawahi kurudi hapa tangu tulipomzika. Kila nikisema nitakuja, naona haya kwamba sijaja, basi siji. Mama alipopata kibali, nikaona nimekwisha."

"Ukachukua hili. Ulijua lina mwenyewe?"

"Nilijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Palikuwa pamefagiwa. Nililichagua kwa sababu lilikuwa safi."

Sidi alimtazama kama mtu anayetazama nyoka kitandani mwake. "Kwa hiyo ufagio wangu ndio ulionipokonya mume?"

Wenye sululu walizilaza chini. Nyamvula alitoa pingu. Wauaji alishawahoji, lakini hakuna aliyemshtua kama karani huyu mstaarabu aliyekuwa tayari mama yake alilie mifupa ya mtu baki mpaka kaburini.

Rispa alimshika Sidi mikono yote miwili. "Mwanangu, nisamehe. Nilitaka kukubebea mtu wako." Kisha akamgeukia Kalama. "Waliozikwa mwaka ule wako wapi?"

Kalama alionyesha kichaka cha upande wa ukuta. "Kule, mama. Majina yameliwa na mchwa. Ni kama mia mbili."

"Mia mbili," Rispa alirudia. "Na nyumbani kaburi limeshachimbwa. Jumamosi watu wanakuja. Nitawaambia nini?"

Pingu zilikuwa zimeshafungwa, Dancun akainua kichwa. "Mama, waambie mahakama imeahirisha."

Rispa alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Nitawaambia Musyoka alikufa, tukamzika, halafu mwanawe akampoteza," alisema. Akavua viatu, akaikaza leso kiunoni, akamnyooshea Kalama mkono. "Mzee, nipe panga."