Jogoo Mwenye Kifungo Kichwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kwanini aliosha brashi za shangazi yake. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuacha kitu kipite bila kukiulizia. Shangazi alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Tangu mumewe afariki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili, naye hakufungua kopo la rangi kabla ya kumshukuru Mungu.

Asubuhi moja Kwanini alirudi na mkate uliofungwa kwenye mfuko mpya wa karatasi. Aliugeuza huku na huku. Juu yake palichapwa jogoo mnene mwenye miwani, amekumbatia mkate kwa bawa. Juu ya upanga wake mwekundu wa kichwani palikuwa na kifungo cheupe cha shati.

"Shangazi, umempa mwoka mikate jogoo wa fundi cherehani?"

Shangazi alisema hajamchorea mwoka mikate hata unyoya. Kisha akauona mfuko, akaweka brashi chini.

Jogoo huyo alijulikana mtaa mzima. Shangazi alikuwa amemchora kwenye bango la fundi cherehani, amevaa miwani na tepu ya kupimia shingoni. Fundi alimwomba asimchoree mtu mwingine, na Shangazi akampa neno lake.

Hata chai haijapoa, fundi akabisha hodi, mfuko kama ule mkononi. Alisema wateja wanamcheka tangu alfajiri, wanamuuliza kama siku hizi anashona mikate. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Shangazi zaidi.

"Dada, wewe ni mtu wa sala," alisema. "Nilikuamini. Kama neno lako ndilo hili, kesho nalishusha bango, na atakayeniuliza sababu nitamwambia."

"Mungu anajua sikumchora," Shangazi alijibu. Fundi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku nzima darasani, Kwanini alikiwaza kile kifungo. Aliikumbuka siku bango lilipochorwa, maana yeye ndiye aliyeshika kopo. Kichwa cha msumari kilikuwa kimechomoza kwenye ubao na kikakataa kung'oka. Shangazi akakipaka rangi nyeupe, akakitia vitundu, kikawa kifungo. Lakini mfuko wa karatasi hauna msumari. Sasa kifungo kilifuata nini pale?

Jioni alimshika Shangazi mkono, wakaenda hadi kwa mwoka mikate. Alikuwa mtu mcheshi, unga umempanda hadi viwikoni, akawakaribisha kwa furaha. Kwanini alimuuliza kwa heshima ni nani aliyemchorea jogoo. Akasema hakuna mtu, amechorewa na akili bandia ndani ya simu, tena kwa kufumba na kufumbua.

Kwanini akamwomba aiambie imchoree jogoo mwingine mwenye mkate. Mwoka mikate akaandika, na picha ikaja: jogoo mwembamba, mrembo, hana miwani wala kifungo.

"Na yule wa kwanza uliiambiaje?" Kwanini akauliza.

Mwoka mikate akajikuna kichwa, nywele zikajaa unga. Alieleza kwamba alilipiga picha bango la fundi, akaiweka kwenye simu, akaiagiza ile akili bandia itoe tepu na iweke mkate.

"Lakini bango lenyewe sikuligusa, dada yangu. Si liko palepale? Na kila apitaye analitazama."

"Kulitazama nimewaruhusu wote," Shangazi alisema taratibu. "Lakini jogoo yule nilimtafuta kichwani mwangu hadi akaja. Ungeniuliza, ningekwambia ana mwenyewe. Leo naitwa mwongo kwa picha ambayo sikuichora."

Tabasamu la mwoka mikate likaisha. Alisema hakujua kama kuna mtu wa kuombwa. Akavua aproni, wakaenda pamoja kwa fundi, akaeleza yote bila kujitetea.

Fundi aliutazama mfuko, akalitazama bango. "Yaani hata msumari wangu umeuoka?" akasema, wakacheka wote. Kisha akamgeukia Shangazi na kumwomba radhi. Mwoka mikate aliiondoa ile mifuko, akaagiza kwa Shangazi bango lake mwenyewe.

Njiani Kwanini alikuwa bado na swali. "Kwa hiyo mashine ile ni mwizi?"

"Mashine haina haya, mwanangu, wala haijui kuomba. Anayeitengeneza na anayeishika ndio wanaojua. Itumie, ujifunze nayo. Lakini ukitaka kazi ya mtu, mwombe kwanza, na umtaje. Kufikiri nako ni jasho, ingawa halionekani shatini."

Bango jipya lilikuwa la paka aliyebeba mkate. Shingoni pake ubao ulikuwa na kifundo cheusi kisichofichika. Kwanini alipendekeza kiwe panya. Shangazi akamuuliza kama anataka duka lifungwe. Basi kiwe kengele, Kwanini akasema, na kikawa kengele.

Kazi ilipokwisha, Shangazi aliandika jina lake pembeni, kisha akampa Kwanini brashi.

"Kengele umeiwaza wewe," alisema. "Andika na lako."