Sahani Kumi na Mbili za Sajini Kankolongo

Nyumbani kwa Albertine, katika mtaa wa Alunguli, siku ilianza saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyengoja jogoo, kwa maana saa hiyo baba yake, Ferdinand Kankolongo, alikuwa tayari amesimama mlangoni, ameoga, amevaa na kunyoa ndevu. Mama Adolphine aliwasha moto. Albertine, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alifagia ua kutoka kona ya kushoto mpaka kona ya kulia, wala si kinyume chake. Ndoo za maji zilipangwa ukutani kwa kufuata ukubwa wake. Kazi hizo zilipokwisha, Albertine alikunywa uji, akachukua kibao chake cha kuandikia na kwenda shule ya masista.

Desturi hizo zilitoka jeshini. Mwaka huo ulikuwa 1953, na Kankolongo alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametumika katika Force Publique, jeshi la serikali ya Wabelgiji. Alizaliwa Kasai, wakati wa vita alipelekwa mpaka Uhabeshi, na mwishoni aliwekwa katika kambi ya Lokandu, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Alipopewa cheti cha kustaafu, hakurudi kwao. Alikuwa amekwisha kuupenda mto ule na mchele wa Maniema, basi akaomba kiwanja Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka stesheni ya Kindu.

Neno moja tu halikumwendea vizuri. Jeshini hakuwahi kutafuta rafiki. Aliyewekwa kitanda cha pili ndiye alikuwa rafiki yake, na kama huyo alihamishwa, mwingine aliletwa. Hapa Alunguli hapakuwa na mkubwa wa kumgawia marafiki. Kila jioni aliwasalimu majirani, mgongo wima, kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa kuwa ni njema, na hapo mazungumzo yakafa. Watu walimwita Sajini, wakampisha njiani kwa heshima, wakaenda zao. Mara nyingi Albertine alimwona amesimama peke yake uani, akisikiliza kicheko cha wanaume kutoka kwa jirani yao, Bakari.

Kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa siku Bakari mwenyewe alipokuja. Bakari alikuwa mkulima wa mpunga na msukaji wa mikeka, mtu mwenye umri sawa na wa Kankolongo, mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Alieleza kwamba wanaume kumi na wawili wa mtaa huo walikuwa na desturi ya kuvuna kwa zamu: siku tatu shamba la huyu, siku tatu shamba la yule. Mpunga wa Sajini, uliopandwa mapema kuliko mingine yote, ulikuwa wa kwanza kuiva. Kama angekubali kuingia katika zamu, wangeanzia kwake. Kankolongo alikubali kabla mgeni hajamaliza kusema.

Siku tatu nzima alijitayarisha. Alinoa visu vidogo vya kukatia masuke, akahesabu vikapu, akaligawa shamba kwa kamba katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa. Siku ya kwanza ya mavuno ilikuwa siku ya mapumziko shuleni, na Albertine alikwenda kumsaidia mama yake kupika. Saa kumi na mbili kamili baba alipuliza filimbi. Wanaume walishtuka, kisha wakacheka, na Félicien, mshonaji wa nguo, akapiga saluti kwa mkono wenye kisu. Kazi ilikwenda vizuri kupita matumaini. Kutoka ng'ambo ilisikika honi ya garimoshi, na wavunaji wakaijibu kwa kelele kama watoto.

Adhuhuri filimbi ililia tena. Chini ya kibanda cha makuti wanaume walikuta sahani kumi na mbili za bati zimepangwa katika mstari, hatua moja kati ya sahani na sahani. Kila moja ilikuwa na vikombe viwili vya wali, vipande viwili vya samaki, na upawa mmoja wa sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Kankolongo alikuwa ameyapima yote kwa mkono wake mwenyewe, asipunjike mtu. Yeye hakuketi. Alisimama mwishoni mwa mstari, mikono nyuma, akiwatazama wanavyokula.

Wanaume walitazamana. Wakaketi, kila mmoja mbele ya sahani yake, wakala kimya. Hata Bakari hakusema neno. Walipomaliza walinawa, wakashukuru kwa maneno machache, wakavuna mpaka alasiri, wakaondoka. Kankolongo aliona kimya hicho, akamwambia mkewe kwamba bila shaka chakula kilikuwa kitamu sana.

Jioni hiyo Albertine alikwenda kisimani, akamkuta Jeannette, binti wa Félicien, ambaye walisoma darasa moja. Jeannette hakumsalimu kama kawaida. Alijaza ndoo yake kwanza, kisha akauliza, "Baba yako anatudharau kwa nini?"

Albertine alisema kwamba baba yake hamdharau mtu yeyote.

"Basi mbona amewalisha baba zetu kama wafungwa? Kila mtu na sahani yake, mbalimbali, kama wanaogopana mikono. Kwetu huku watu waliofanya kazi pamoja wanakula katika sinia moja, na mwenye shamba anakaa kati yao. Baba yako hakukaa, hakugusa hata punje. Alisimama tu kama mlinzi wa gereza. Njo maana kesho hawaji."

Albertine alibeba ndoo yake nyumbani huku maji yakimwagika mabegani. Njiani alitafuta maneno ya kumwambia baba yake, asiyapate. Je, inafaa mtoto kumwonyesha kosa mtu mzima, tena sajini mwenye medali? Aliona ni heshima kunyamaza. Akanyamaza.

Kesho yake filimbi ililia saa kumi na mbili, na hakuna aliyetokea. Félicien alituma habari kwamba tumbo linamsumbua. Bakari alituma habari kwamba ana mkeka wa kumalizia. Wengine hawakutuma habari yoyote. Kankolongo alivuna na mkewe tu, na Albertine akawafuata baada ya masomo. Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Mpunga ulioiva haungoji, na ndege wadogo walikuwa wameugundua. Walishuka kwa mamia upande wa mashariki wa shamba. Walipofukuzwa huko, walihamia magharibi. Watu watatu hawakuweza kuvuna na kufukuza ndege kwa wakati mmoja.

Alasiri ya siku hiyo Kankolongo alisimamisha kazi, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alifuta jasho, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kuelewa. Watu hawa wanayakumbuka mavazi ya jeshi. Wanakumbuka askari waliotumwa kuwalazimisha kazi na kodi, nao hawawezi kukaa na mtu aliyekuwa mmoja wao. Hawezi kuwalaumu. Mavuno yakiisha, atamwandikia ndugu yake aliye Luluabourg, na jamaa yote itahamia Kasai.

Albertine aliyasikia hayo akiwa na kikapu mkononi. Aliifikiria shule yake, na Jeannette, na mto. Lakini kilichomuumiza zaidi ni uso wa baba yake, ambao ulikuwa umechoka kwa jambo lisilo la kweli. Alikiweka kikapu chini, akasimama mbele yake jinsi alivyofundishwa.

"Baba, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema."

Aliyasema yote: sinia, sahani, mstari, kusimama kwake, na neno la wafungwa pia, ingawa neno hilo lilimtoka kwa shida. Baba yake hakumkatiza. Mwisho aliuliza tangu lini alijua.

"Tangu jioni ya siku ya kwanza, Baba."

Kankolongo aliketi palepale juu ya mabua. Akaeleza, akimtazama zaidi mkewe kuliko mtoto. Kule Uhabeshi, katika safari ndefu za miguu, chakula kililetwa katika sufuria moja, na wenye nguvu waliwatangulia wanyonge. Aliwaona watu wakilala na njaa kando ya wenzao walioshiba. Alipopata cheo, aliapa kwamba chini yake kila mtu atapata sehemu iliyo sawa, na kwamba yeye atakula wa mwisho. Hakulijua jambo jema kuliko hilo. Alikuwa amewapa majirani zake kitu bora alichokuwa nacho.

Mama Adolphine alianza kucheka taratibu, huku machozi yakimtoka. "Nami nilikuuliza, baba Albertine. Nilisema, hata kwetu Kasai tulikula bakuli moja. Ukanijibu kwamba vipimo vimekwisha kupangwa."

"Ni kweli," alisema Kankolongo. "Nilijibu hivyo." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Albertine, twende."

Walimkuta Bakari barazani kwake, mkeka magotini, na Félicien kando yake, tumbo lake likiwa zima kabisa. Kankolongo alisimama wima mbele yao, visigino pamoja.

"Nimekuja kutoa taarifa ya kosa langu," alisema.

Félicien alitazama pembeni ili asicheke. Bakari aliutua mkeka wake. Kankolongo akatoa taarifa: kosa lilitendeka adhuhuri, mahali ni shambani, sababu ni kutojua, na aliyemfumbua macho ni binti yake. Alieleza habari za Uhabeshi kwa maneno machache kuliko alivyomweleza mkewe. Kisha sauti yake ikabadilika. "Sijui namna ya kukaa na watu, Bakari. Sikufundishwa. Naomba unifundishe."

Bakari alisogea kwenye mkeka aliokalia ili pawe na nafasi. "Kaa kwanza," alisema. "Njo somo la kwanza hilo."

Kankolongo aliketi.

"Sisi nasi tumekosa," Bakari aliendelea. "Mtu mgeni akikosea njia, unamwonyesha, humwachi apotee. Sisi tulirudi nyumbani tukanung'unika siku mbili. Huyu mtoto ametushinda wote kwa akili."

"Nami nilidhani ni mambo ya jeshi, kama ile filimbi, yaliyowaudhi," alisema Kankolongo.

"Filimbi?" Félicien aliuliza kwa mshangao. "Sajini, ile filimbi ndiyo iliyokuwa tamu. Ukija bila filimbi, mimi sivuni."

Kesho yake filimbi ilipulizwa, na wanaume wote kumi na wawili walikuwapo. Walivuna mbio mbio, na watoto walipotoka shule walizunguka shamba wakipiga madebe kuwafukuza ndege. Vikapu vitatu hivi vya mpunga vilikuwa vimekwisha kuliwa na ndege, vilivyobaki viliokolewa. Wakati wa chakula Mama Adolphine alileta masinia mawili makubwa aliyoazima kwa mke wa Bakari. Wanaume walijigawa, na Kankolongo akaketi kati ya Bakari na Félicien, magoti yake yakilia kama bawaba za mlango wa zamani. Alinawa, akapeleka mkono katika wali, na kwa jinsi alivyozoea jeshini, akaumaliza upande wake wote kabla wengine hawajameza tonge la tatu.

"Polepole, Sajini," alisema Félicien. "Adui yuko mbali."

Kankolongo alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kifuani, na Albertine, aliyekuwa amebeba mtungi wa maji, alisimama kukisikiliza. Bakari alimsogezea wali kutoka upande wake, bila kupima, pamoja na kichwa cha samaki, ambacho hapewi mtu yeyote tu.

Shamba lilimalizika kesho yake, kisha zamu ikaenda kwa Bakari, na baada yake kwa Félicien. Barua ya Luluabourg haikuandikwa.

Jumapili moja, baada ya misa, Bakari na Félicien waliingia uani bila kubisha. Kankolongo aliinuka upesi akauliza kuna neno gani. Bakari akamjibu kwamba hakuna neno, wamekuja tu. Kankolongo alisubiri waongeze maelezo, nao hawakuongeza. Basi akatoa viti, na mazungumzo yakaanza kuhusu samaki, yakapita kwa wakwe, yakafika Uhabeshi, wala hakuna aliyeyaongoza. Jua lilikuwa limeinama juu ya paa za stesheni ng'ambo ya mto walipoagana.

Walipoondoka, Kankolongo alimwita binti yake.

"Albertine, siku zile mbili ulinyamaza kwa sababu uliniheshimu. Naelewa. Lakini fikiri ingekuwaje kama ungeendelea kunyamaza. Leo tungekuwa tunafunga mizigo, nami ningewachukia watu hawa mpaka kufa kwangu kwa kosa ambalo ni langu. Anayekuheshimu kwa kweli hukuambia ukweli mapema, kwa upole, wakati bado unaweza kujirekebisha. Nawe ukiambiwa, usione haya kwenda kuomba kufundishwa, hata ukiwa mtu mzima, hata ukiwa na cheo. Mimi nimeanza shule nikiwa na miaka arobaini na mitano, na walimu wangu ndio hao waliotoka sasa hivi."

"Na unafaulu, Baba?"

Kankolongo alivitazama vile viti vitatu, vilivyoachwa ovyo katikati ya ua, kimoja kikielekea mlangoni na kingine mtoni. Albertine alidhani ataamuru virudishwe ukutani. Badala yake baba yake aliketi tena juu ya kimojawapo, akanyoosha miguu.

"Viache hapo," alisema. "Bakari amesema atapita tena kesho."