Mtandio wa Machna Bwawani

Asubuhi ile wanawake walivua mitandio yao wakaitandaza kwenye tope la bwawa lililokaushwa. Mabwana wapiganaji wa mfalme, waliovaa mavyuma mwili mzima, walipolazimika kushuka farasi, ile miiba ya visiginoni ya kumchomea mnyama ikanasa kwenye mitandio hiyo. Wakaanguka kifudifudi. Wakulima wakawapura kwa vipurio vyao vya ngano. Eti ndilo jeshi la kuja kuwachoma moto wakulima hao, walioitwa wazushi wa dini! Jeshi gani hilo linashindwa na vitambaa?

Jua lilipozama, Machna alishuka bwawani kuutafuta mtandio wake. Mumewe, Hynek, alikuwa mkokotenini akivuja damu ubavuni, na hapakuwa na kitambaa kingine cha kumfunga.

Tope lilinuka damu na samaki waliooza. Kimya...

Cheng.

Chuma kililia miguuni pake. Mtandio wake ulikuwa umejisokota kwenye mwiba wa kisigino cha maiti ya bwana mmoja. Kofia ya chuma ya bwana huyo ilikuwa imebonyezwa hadi ndani. Machna akauvuta mtandio. Mguu nao ukavuta.

"Niombee, mama," sauti ikanong'ona ndani ya chuma. "Sala moja tu..."

Machna alishtuka, lakini dharau ilimzidi hofu. Padri wao alikwisha kuwafundisha kwamba kumwombea maiti ni biashara ya maaskofu tu.

"Sisi hatuombei wafu," akasema. "Kamwombe mfalme wako."

Akaitemea mate ile kofia, akaukata mtandio kwa kisu, akaondoka.

Cheng... cheng... Nyuma yake. Akajiambia ni minyororo ya mikokoteni.

Alimfunga Hynek ubavu, na damu ikakoma. Machna akashusha pumzi. Hynek akafumbua macho, akatazama nyuma ya bega la mkewe.

"Mbona umekuja na mgeni?"

Harufu ya tope ikajaa mkokotenini. Mtandio ukaanza kujikaza wenyewe, polepole. Machna akajaribu kuukata, kisu kikateleza tu. Hynek akatweta.

"Sala moja tu, mama..." ile sauti ya bwawani ikanong'ona.

Machna akapiga magoti. Akaitafuta sala ya wafu aliyoisikia utotoni. Haikuja. Iliyokuja ni ile ya kuwakejeli maaskofu aliyozoea kuwaigizia ndugu zake wa imani jioni, wakifa kwa kicheko. Akaomba kwa hiyohiyo, analia.

Mtandio ukajikaza mara ya mwisho.

Asubuhi ndugu walimzika Hynek bila sala, kama ilivyo desturi yao. Machna aliwasihi waseme hata neno moja.

Wakamcheka.