Pumzi Zilizokatwa

Kompyuta iliwaka vizuri, ila ilikuwa bubu.

Fundi aliianza kazi Jumamosi asubuhi baada ya chai, akijua kabla ya saa sita atakuwa amemaliza. Kupandisha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, hadi toleo jipya si jambo la kumtoa mtu jasho: unaipa amri, inashusha mafaili yake, inajizima, inajiwasha. Picha zilirudi zote. Saa ilikuwa sahihi. Akafungua faili moja la sauti, lile alilolijali kuliko yote, akabonyeza cheza, akasubiri. Kimya.

Faili lilikuwa la marehemu mkewe. Watu walimwita Mwalimu hata baada ya ugonjwa wa moyo kumtoa darasani, maana ualimu ukishakuingia hautoki. Alipokosa nguvu za kusimama mbele ya watoto, alijitolea kuisomea shule ya wasioona kitabu cha hadithi, sura kumi na mbili, yeye kitini mbele ya maiki, mumewe kwenye kompyuta. Alisoma tisa. Ya kumi hakuifikia. Simu yake iliibiwa wodini siku ile ile aliyofariki, kwa hiyo sauti ya Mwalimu ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sura hizo tisa.

Kazi ya Fundi ilikuwa kusafisha. Mwalimu alikuwa na pumzi fupi za mgonjwa; kila baada ya sentensi mbili alivuta hewa kwa shida, kisha akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba radhi. Fundi alizitafuta pumzi hizo moja moja kwenye skrini akazikata, sauti ikabaki safi kama ya redio.

"Kata, kata," Mwalimu alimtania. "Mwisho utanikata na mimi, ubaki na kitabu."

Walicheka. Zilizokatwa zilifutwa moja kwa moja, kwa sababu diski ilikuwa ndogo.

Sasa shule ilikuwa imempata msomaji mwingine wa kumalizia, na programu ya kurekodia ilidai mfumo mpya. Ndiyo maana Fundi aliigusa kompyuta ambayo hakuigusa kwa miezi saba. Aliangalia kama sauti imezimwa, haikuzimwa. Akabadilisha spika, akaizima huduma ya sauti na kuiwasha tena, akasoma mijadala ya watu waliopatwa na shida kama yake, mmoja akisema futa hiki, wa pili akisema ole wako ukikifuta, wa tatu akiwatukana wote wawili. Hakuna kilichosaidia.

Ndipo alipoona maiki.

Kwenye skrini kuna mstari wa kijani unaopanda maiki ikisikia kitu. Chumba kilikuwa kimya. Madirisha yalikuwa na magodoro ya kuzuia kelele. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mwendo wa mtu anayesoma. Fundi akaziba mdomo wake kwa kiganja. Mstari haukutulia.

"Waya umelegea," alijiambia, akauchomoa na kuuchomeka. Chumba kilinuka tangawizi, ile aliyokuwa akiitafuna Mwalimu kulainisha koo. Kwenye folda, chini ya sura tisa, kulikuwa na faili la kumi, lenye tarehe ya leo.

Linux ina ustaarabu mmoja. Ukiweka kiini kipya cha mfumo, cha zamani hakitupwi; hubaki mstari wa pili kwenye orodha inayotokea kompyuta ikiwaka, ili kipya kikikugomea upate pa kurudi. Fundi aliishi kwa sheria hiyo, na kila aliyemfundisha kazi alimwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Akazima, akawasha, akachagua mstari wa pili. Sauti ilikuwepo. Akavaa hedifoni, akafungua faili la kumi.

"Sura ya kumi," alisema Mwalimu.

Fundi alilia mpaka kibodi ikalowa. Hakuuliza imetoka wapi. Wewe ungeuliza? Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia mara nne, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitoka chumbani akiwa na njaa.

Binti yao alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa na miaka saba na walimwita Kasuku, kwa vile hata usingizini aliongea. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, akivuta pumzi hewa inapiga mluzi pale penye pengo, na nyumba nzima ilimtania kwa mluzi huo. Leo alikuwa anahema.

"Ulikuwa unakimbia?"

"Nilikaa tu, baba. Nimechoka."

Zahanati walimsikiliza kifua wakasema ni kizima. Fundi aliridhika. Kesho yake alirudi chumbani mapema, akawasha mfumo mpya ambao haukuwa na sauti bali ulikuwa na masikio, akafungua maiki, akatoka na kufunga mlango. Aliporudi, faili la kumi na moja lilikuwepo. Akarudi mstari wa pili kusikiliza.

Kuna kitu jana hakukigundua kwa sababu ya machozi, na leo alikigundua. Ile sura ya kumi haikuwa na pumzi. Ukurasa baada ya ukurasa, sauti ilisoma bila kuvuta hewa hata mara moja, jinsi hasa yeye alivyozisafisha zile tisa. Lakini hii ya leo ilivuta. Baada ya sentensi mbili ikanyamaza, ikavuta hewa, ikaendelea, na Fundi akashika kifua kwa furaha kwamba mkewe anapumua. Ilikuwa pumzi ndogo, ya harakaharaka. Ikavuta tena. Na ndani ya pumzi hiyo, akiwa amezibwa masikio kwa hedifoni na tangawizi imejaa puani na chini ya tangawizi harufu nyingine ya nywele zinazoungua, alisikia mluzi, mluzi mwembamba wa hewa inayopita penye pengo la meno mawili, na kabla akili haijakubali kile sikio lilichosikia, shingo yake ilikuwa imeshageuka kutazama mlango, na mlangoni alikuwa amesimama Kasuku, mdomo wazi, midomo imeingia ubuluu, kifua kimesimama kabisa, macho yakimwangalia baba yake.

Akabonyeza simamisha. Kasuku akavuta hewa, akaanguka.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alifika mchana huo huo na mwanamke mshona magodoro. Mtaa mzima ulimwita Bibi Magodoro, na aliyekuwa na shida isiyo na jina alipelekwa kwake. Shemeji alikuwa amebeba ubani.

"Weka pembeni," alisema Bibi Magodoro kwa sauti ya chini. "La kuvunda halina ubani." Kisha akamgeukia Fundi. "Umemweka wapi?"

"Sijamweka popote, bibi. Mke wangu amekufa."

"Mkeo amekufa, Mungu amrehemu. Nakuuliza hicho kinachokula pumzi ya mtoto."

Fundi alimweleza yote, mpaka kukata pumzi. Bibi alisikiliza huku amemlaza Kasuku mapajani.

"Jini halina sauti yake, huokota ya mtu," alisema. "Lako limejifunza hiyo uliyoiosha. Uliiosha ikabaki haina pumzi, sasa linatafuta za kuvaa. Kila ukisikiliza, linavaa."

"Nikiacha kusikiliza?"

"Utaacha?"

Fundi aliitupia jicho hedifoni, na shemeji yake akaangalia chini.

"Ondoa hicho cha zamani unachorudia, na sauti zote," alisema Bibi. "Kwa mkono wako. Ukinituma mimi, litajua hujakubali."

"Nibakize moja, bibi. Sura moja tu. Mtoto amjue mama yake alivyokuwa akiongea."

"Moja inatosha kumzika huyu."

Akatoa kifuko cha kitambaa cheupe, akamwambia Kasuku apulize ndani mara tatu, akakishona mdomo kwa sindano yake nene ya magodoro na kukikumbatia, pumzi hizo zisiibwe. Fundi aliwasha mfumo mpya, maana huwezi kukata tawi ulilolikalia. Akaandika amri ya kuondoa kiini cha zamani. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Akaandika ndiyo. Akaandika amri ya kufuta folda.

"Baba Kasuku," ilisema spika.

Hedifoni ilikuwa mezani na mfumo huu haukuwa na sauti, haukuwahi kuwa nayo, lakini sauti ilitoka, safi, bila pumzi, ikisema Baba Kasuku imebaki sura moja tu nisome nimalize watoto wananisubiri wewe unajua nilivyotaka kumaliza usinikate mume wangu umenikata vya kutosha usinikate tena, na kifuko kikaanza kupanda na kushuka mikononi mwa Bibi, na Kasuku akakwama pumzi ndani, na Fundi, machozi yakimwagikia vidole, akabonyeza.

Sauti ikakatika. Kasuku akapumua, mluzi ukapiga.

Kompyuta ilipowashwa upya, orodha ilikuwa na mstari mmoja. Sauti ya kuingilia ikalia vizuri kwenye spika, tatizo la Jumamosi limeisha bila mtu kulitatua.

"Kasema mama?" Kasuku aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Ni kompyuta tu."

Wiki mbili baadaye Fundi aliwaambia shule wasimlete msomaji. Kitabu chote atakisoma yeye. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akasoma kurasa mbili za kwanza kwa sauti yake ya mikwaruzo, Kasuku akipiga soga na shemeji jikoni. Kisha akahamia kwenye kompyuta kusafisha, akaamua mapema kwamba pumzi zake ataziacha, wasioona nao wajue anayewasomea ni mtu.

Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na pumzi isiyokuwa yake.

Haikuwa na mluzi. Ilikuwa nzito, ya shida, na mwisho wake kulikuwa na kikohozi kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba radhi. Fundi aliirudia mara moja. Jini lilijifunza zile sura zilizosafishwa. Pumzi hii halikuwahi kuisikia, kwa sababu yeye mwenyewe aliifuta mapema, akiona ni uchafu. Kama si Mwalimu, ni nani? Na kama ni jini limepata njia nyingine, atajuaje? Aliweka mkono kwenye kitufe cha kurudia.

Kule jikoni Kasuku alinyamaza.

Labda alikuwa ametia kitu mdomoni. Labda shemeji alikuwa anamweleza jambo. Fundi hakungoja kujua. Aliizungushia alama pumzi ya mkewe, kuanzia hewa inapoingia mpaka mwisho wa kikohozi, kwa uangalifu ule ule wa siku zote, akaikata.

"Mama mdogo, mimi sipendi hii," Kasuku akasema jikoni, akaendelea na soga zake.

Fundi akarudi kitini, akafungua ukurasa wa tatu. Alisoma mpaka chini bila kukosea, na mstari wa kijani ulipanda pale tu alipoongea yeye.